Ngao ya mmoja, hofu ya mwingine: namna sera za ulinzi zinavyochochea mashindano ya silaha angani

Jumatatu ya tarehe 30 Desemba 2024, majira ya alasiri, wakazi wa kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni nchini Kenya, walishtushwa na pete kubwa ya chuma iliyoanguka kutoka juu. Kipenyo chake kilikuwa kiasi cha mita 2.5, na uzito wake kilo 500 hivi. Shirika la Anga la Kenya lilifika, likaichukua, na likaeleza kwamba kwa tathmini yake ya awali kilikuwa kipande cha roketi, pete inayotenganisha sehemu zake. Vipande vya namna hiyo, shirika lilisema, kwa kawaida hutarajiwa kuungua vinaporejea katika angahewa, au kuangukia baharini pasipo watu.

Tunaanza na habari hiyo, ndugu msomaji, si kwa sababu pete ile ilikuwa silaha. Haikuelezwa kuwa silaha, wala hatutaki kumtia mtu hofu isiyo na msingi. Tunaanza nayo kwa sababu inatukumbusha jambo tunalolisahau kwa wepesi: yale yanayofanywa na mataifa makubwa juu ya vichwa vyetu yanatuhusu hata sisi tusiorusha roketi.

Yanatuhusu kwa njia nyingine pia, iliyo ya kila siku. Mvuvi anayesikiliza utabiri wa hali ya hewa kabla ya kushusha chombo, mkulima anayengojea habari za mvua za masika, dereva anayefuata ramani katika simu yake, wote hao wanategemea setilaiti. Tarehe 15 Aprili 2023 Kenya ilirushiwa setilaiti yake, Taifa-1, iliyokusudiwa kukusanya taarifa za kilimo na mazingira. Anga za juu si tena mahali pa wachache. Ni kama bahari: wenye meli kubwa ni wachache, lakini wanaokula kutokana nayo ni wengi.

Swali tunalotaka kulitazama leo ni hili: imekuwaje mahali hapa pa manufaa ya wote pakawa uwanja wa maandalizi ya vita, ilhali kila taifa linaloandaa silaha zake huapa kwamba linajilinda tu?

Kwa nini ngao humtisha jirani

Tuchukulie majirani wawili wenye uhasama wa siku nyingi, kila mmoja ana rundo la mawe uani kwake. Hakuna anayethubutu kurusha la kwanza, kwa kuwa anajua jibu litamrudia. Amani yao si ya mapenzi, ni ya hofu. Hata hivyo ni amani. Siku moja mmoja wao anaanza kujenga paa la chuma juu ya ua wake. Akiulizwa, anajibu kwamba anajilinda, na kwamba paa halimdhuru mtu. Huenda anasema kweli tupu. Lakini jirani akilitazama paa lile haoni ulinzi. Anaona kwamba muda si mrefu mwenzake ataweza kurusha mawe bila kuogopa kurushiwa. Basi atafanya nini? Ataongeza mawe yake mpaka paa lisiweze kuyazuia yote, au atatafuta namna ya kuzivunja nguzo za paa kabla halijakamilika.

Hivyo ndivyo ilivyo baina ya mataifa yenye silaha za nyuklia. Mawe ni makombora, paa ni mfumo wa kuyazuia. Nguzo za paa, kwa sehemu kubwa, ni setilaiti: macho yanayoliona kombora linapowaka na kuondoka ardhini. Anayetaka kulidhoofisha paa atayalenga macho hayo.

Kuna jambo la pili, nalo ni la kiufundi. Kombora la masafa marefu hupita katika anga za juu kabla ya kushuka kwenye shabaha yake. Anayetaka kulizuia huko hana budi kuwa na chombo cha kufika angani na kukigonga kitu kiendacho kasi mno. Sasa, kuigonga setilaiti ni rahisi kuliko kuligonga kombora, kwa maana njia ya setilaiti inajulikana na kuhesabika tangu mapema. Kwa hiyo, kila aliyeunda kombora la kuyazuia makombora angani ameunda pia silaha ya kuharibu setilaiti, awe amekusudia au hakukusudia. Hapa ulinzi na shambulio huwa chombo kimoja chenye majina mawili.

Walivyojifunza waliotangulia

Umoja wa Kisovieti ulirusha Sputnik, setilaiti ya kwanza, tarehe 4 Oktoba 1957. Haikupita miaka mitano kabla ya anga kufanywa uwanja wa kujaribia silaha. Mwezi Julai 1962 Marekani ililipua bomu la nyuklia la megatoni 1.4 katika kimo cha kilomita 400 hivi juu ya Bahari ya Pasifiki, katika jaribio lililoitwa Starfish Prime. Taa kadhaa za barabarani zilizimika katika visiwa vya Hawaii, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,300 kutoka hapo. Mionzi iliyobaki angani iliharibu setilaiti kadhaa, ikiwamo Ariel 1, setilaiti ya kwanza ya Uingereza. Uingereza ilikuwa rafiki wa Marekani, na Ariel 1 ilikuwa imerushwa na Wamarekani wenyewe mwezi Aprili wa mwaka ule ule.

Somo lilikuwa wazi: silaha ya angani haichagui adui na rafiki. Kwa sifa yao, wakubwa wa zama hizo walilisoma. Mwaka 1963 walitia saini mkataba wa kukomesha majaribio ya nyuklia angani, hewani na chini ya maji. Mwaka 1967 ukafuata Mkataba wa Anga za Juu, unaokataza kuweka silaha za nyuklia na nyinginezo za maangamizi ya halaiki katika njia za kuizunguka Dunia, na unaoutaka Mwezi utumiwe kwa shughuli za amani pekee.

Lakini mkataba huo uliacha ufa. Haukukataza silaha za kawaida kuwekwa angani, wala haukukataza kombora linalorushwa kutoka ardhini kwenda kuvunja setilaiti. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa muda, ufa huo ulizibwa kwa sehemu na mkataba mwingine: ule uliotiwa saini Moscow tarehe 26 Mei 1972 na Rais Richard Nixon wa Marekani na Leonid Brezhnev wa Umoja wa Kisovieti, wa kuweka mipaka kwa mifumo ya kuzuia makombora. Kila upande ulikubali kubaki karibu wazi mbele ya mwenzake, ili pasiwe na wa kushawishika kuanza. Mkataba huo ulikataza kuunda, kujaribu au kuweka mifumo ya namna hiyo angani, na ukakataza kuziingilia setilaiti ambazo kila upande ulizitumia kuhakiki kwamba mwenzake anatimiza ahadi.

Miaka ya Vita vya Nyota

Tarehe 23 Machi 1983 Rais Ronald Reagan aliwahutubia Wamarekani, akawaahidi juhudi za kuunda ngao itakayoyafanya makombora ya nyuklia yasiwe na nguvu tena. Wakosoaji waliuita mpango huo Vita vya Nyota. Hatuna sababu ya kudai kwamba Reagan hakuamini alichokisema. Wengi wanakubali kwamba aliichukia kwa dhati silaha ya nyuklia. Lakini nia ya msemaji haimfikii msikilizaji aliye adui. Kinachomfikia ni uwezo anaouona ukijengwa.

Mwezi Agosti mwaka huo, kiongozi wa Kisovieti Yuri Andropov alitangaza kwamba nchi yake haitakuwa ya kwanza kuweka angani silaha za kushambulia setilaiti, maadamu wengine nao watajizuia. Tusimpambe: nchi yake ilikuwa imezijaribu silaha hizo tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Hata hivyo mlango ulikuwa umefunguliwa, na haukuingiwa. Tarehe 13 Septemba 1985 ndege ya kivita ya Marekani aina ya F-15 ilirusha kombora lililoipasua Solwind, setilaiti ya Marekani yenyewe iliyokuwa ingali ikifanya kazi ya kuchunguza Jua. Nao Wasovieti, tarehe 15 Mei 1987, wakarusha chombo kikubwa kiitwacho Polyus, kielelezo cha kituo cha silaha za leza. Kilishindwa kuingia katika njia yake, kikatumbukia katika Bahari ya Pasifiki. Kila upande ulitumia mali nyingi, na hakuna uliolala usingizi mwema zaidi kuliko kabla.

Jambo la kutia moyo ni kwamba Bunge la Marekani liliingilia kati, likazuia majaribio zaidi dhidi ya vitu vilivyomo angani. Kisha Vita Baridi vikaisha. Kwa takriban miaka 20 iliyofuata, majaribio ya kuvunja setilaiti yakasita.

Mkataba ulipovunjwa

Tarehe 13 Desemba 2001 Rais George W. Bush alitangaza kwamba Marekani inajitoa katika mkataba wa mwaka 1972. Hoja yake ilikuwa kwamba zama zimebadilika, na kwamba hatari mpya ni mataifa madogo yenye makombora na makundi ya kigaidi. Kujitoa huko kulianza kufanya kazi mwezi Juni 2002, na pamoja na mkataba ikaanguka marufuku yake ya kuweka silaha za kinga angani. Mwaka 2006 serikali hiyo hiyo ilitoa sera ya anga iliyosema kwamba Marekani itapinga sheria mpya za kuuwekea mipaka uhuru wake wa kuzitumia anga za juu, na kwamba ikibidi itawanyima wapinzani wake matumizi ya anga yanayodhuru maslahi yake.

Hebu tulisome tamko hilo kwa macho ya jirani yule mwenye mawe. Mwenye nguvu kuliko wote anasema hatafungwa na sheria mpya, na wakati huo huo anajenga paa.

Tarehe 11 Januari 2007 China ilirusha kombora, ikaivunja setilaiti yake kuukuu ya hali ya hewa, Fengyun-1C, katika kimo cha kilomita 865 hivi. Vipande zaidi ya 3,000 vyenye ukubwa wa kuweza kufuatiliwa vilitapakaa. Katika kimo kile hewa ni haba mno ya kuvivuta chini, kwa hiyo vingi vitaendelea kuzunguka kwa miongo ya miaka.

Mwaka mmoja baadaye, Februari 2008, Marekani ikaivunja setilaiti yake moja ya kijasusi iliyokuwa imeharibika. Ilieleza kwamba ilihofia fueli yenye sumu iliyokuwamo isije ikawadhuru watu. Huenda ndivyo. Lakini ulimwengu ulikitazama chombo kilichotumika: kombora aina ya SM-3, lililoundwa kwa ajili ya kuzuia makombora, lililorushwa kutoka meli ya kivita baada ya kufanyiwa marekebisho. Yale tuliyoyasema juu, kwamba ngao na mkuki ni chombo kimoja, yakathibitika mbele ya macho ya wote.

Baada ya hapo mstari ukawa mrefu. Machi 2018 Rais Vladimir Putin alionyesha silaha mpya za Urusi, ikiwamo Avangard, na akasema waziwazi kwamba ni jibu kwa Marekani kujitoa katika mkataba wa 1972. Tarehe 27 Machi 2019 India ikaivunja setilaiti yake, katika kimo cha chini ili vipande vianguke upesi. Desemba mwaka huo Marekani ikaunda Jeshi la Anga za Juu kama tawi kamili. Na tarehe 15 Novemba 2021 Urusi ikaivunja Kosmos-1408, setilaiti yake ya zamani, vikatokea vipande zaidi ya 1,500 vya kufuatiliwa. Katika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu walikuwamo watu 7, na wawili kati yao walikuwa Warusi. Wote walilazimika kuingia katika vyombo vyao vya kurudia duniani na kujihifadhi. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Tusimpunje mtu haki yake

Uadilifu unatutaka tuseme pia yaliyo upande wa pili. China haikuanza mradi wake kwa sababu ya tamko moja la mwaka 2006. Silaha kama ile haiundwi kwa miezi michache. Urusi nayo ilirithi ujuzi wa Kisovieti, na ina tamaa zake. Mwaka 2024 Marekani ilidai kwamba Urusi inaandaa silaha ya nyuklia ya kushambulia setilaiti. Urusi ilikanusha, lakini tarehe 24 Aprili mwaka huo huo ilitumia kura ya turufu katika Baraza la Usalama kuliangusha azimio la kusisitiza marufuku ya silaha hizo angani, ijapokuwa wajumbe 13 kati ya 15 waliliunga mkono na China ikajizuia kupiga kura. Aliyekumbuka ya mwaka 1962 hakuweza kuichukulia habari hiyo kuwa ndogo.

Kwa hiyo hatusemi kwamba taifa moja ndilo lenye lawama yote. Tunachosema ni hiki: sera ya ulinzi inayotaka usalama kamili kwa mmoja humwachia mwingine wasiwasi kamili, na mwenye wasiwasi huandaa silaha. Kisha silaha zake huwa ushahidi kwa yule wa kwanza kwamba alikuwa na haki ya kujihami tangu mwanzo. Kila mmoja humthibitishia mwenzake hofu yake. Wapo wanaosema dawa ya moto ni moto. Labda katika mambo mengine. Angani, moto uliowashwa na mmoja huunguza nyumba ya wote.

Nani analipa

Kipande cha chuma kilichomo katika njia za chini za kuizunguka Dunia hukimbia kiasi cha kilomita 28,000 kwa saa. Kwa kasi hiyo, kipande kidogo kama gololi kinaweza kuua setilaiti nzima. Na tunao mfano wa mgongano usiokusudiwa: tarehe 10 Februari 2009, setilaiti mbili, Iridium 33 ya Kimarekani na Kosmos 2251 ya Kirusi iliyokuwa imekufa, ziligongana na kuongeza maelfu ya vipande vingine.

Sasa tuifikirie Taifa-1, au setilaiti yoyote ndogo ya nchi changa. Upo mkataba wa mwaka 1972 kuhusu dhima ya uharibifu. Kitu cha angani kikimdhuru mtu aliyeko ardhini, nchi iliyokirusha inawajibika kulipa bila kuulizwa kosa. Lakini uharibifu ukitokea angani, mdai hana budi kuthibitisha kosa la mdaiwa. Ni nani katika Afrika Mashariki atakayeweza kuthibitisha kwamba kipande cha ukubwa wa gololi, kilichoiua setilaiti yetu usiku wa manane, kilikuwa cha fulani na si cha fulani? Wapiganapo tembo nyasi huumia, na hapa nyasi hazina hata pa kupeleka mashtaka.

Kujizuia nako huambukiza

Mei 2025 Rais Donald Trump alitangaza mpango wa ngao mpya, Golden Dome, kwa makadirio ya dola bilioni 175. Humo mna nia ya kuweka angani vyombo vya kuzuia makombora, jambo ambalo mkataba wa 1972 ulilikataza. China ilieleza mara moja wasiwasi wake kwamba mpango huo utageuza anga kuwa uwanja wa vita na kuchochea mashindano ya silaha. Msomaji aliyetufuata hadi hapa hahitaji mtabiri wa kumweleza hatua inayofuata.

Hata hivyo historia hii haitufundishi kukata tamaa. Hofu huambukiza, na kujizuia nako huambukiza. Aprili 2022 Marekani ilitangaza kwamba haitafanya tena majaribio ya makombora ya kuvunja setilaiti. Nchi zaidi ya 30 zikafuata kwa kutoa ahadi kama hiyo. Desemba mwaka huo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kuzitaka nchi zote zifanye hivyo kwa kura 155 dhidi ya 9. Urusi na China zilikuwa miongoni mwa waliokataa, nayo India ilijizuia kupiga kura. Azimio si sheria, lakini ni ushahidi wa kile walimwengu wanachokitaka. Zaidi ya hayo, ni ahadi inayoweza kuhakikiwa: kombora likiivunja setilaiti, vipande vyake huonekana na rada za kila mwenye rada.

Ndiyo maana tunadhani nchi zetu zina la kufanya, ingawa hazina roketi. Katika Baraza Kuu kura ya nchi ndogo ina uzito sawa na ya nchi kubwa. Ni haki yetu kama raia kuwauliza wabunge na wanadiplomasia wetu: tumeahidi sisi wenyewe kutofanya majaribio hayo? Tumepiga kura gani, na kwa nini? Tunawasomesha vijana wangapi sheria za anga, ili siku ya madai tusiwe watu wa kutafsiriwa?

Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya Kimarekani ya kuchunguza miale ya eksirei inayotoka katika nyota za mbali. Kwa kuwa siku ile Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake, setilaiti iliitwa Uhuru, na jina hilo la Kiswahili limo katika vitabu vya elimu ya nyota hadi leo. Haikubeba silaha. Ilibeba vyombo vya kutazamia, na wanazuoni wa mataifa mengi walifaidika na kilichoonekana. Watoto wetu wakituuliza kama watu wa mwambao huu wana lolote la kusema kuhusu anga, tuwasimulie habari ya setilaiti hiyo, kisha tuwaulize wangependa nini kirushwe baada yake.